Kasa wa Mzee Azizi

Boti ilikuwa imekwisha liacha gati la Kilindoni, nami nimekaa juu ya gunia la mbata, mkono mmoja umeshika ubao wa boti na mwingine uko juu ya gari, kama mtu anayemzuia mbuzi asiruke. Gari lenyewe lilifungwa kamba mbele na nyuma, likafunikwa turubai la bluu. Abiria hawakuliacha likapumzika. Kila mmoja alipita akainua pembe ya turubai, akachungulia, akarudi kukaa na la kusema.

"Mzee, hili la kuchezea au linakwenda kweli?" aliniuliza kijana mwenye ndoo ya pweza.

"Linakwenda kuliko wewe."

"Mbona halina paa?"

"Na wewe mbona huna adabu?"

Watu wakacheka, naye akacheka, akanipa sigara. Huku nyuma gati likawa dogo. Shaibu alikuwa bado amesimama palepale, mikono nyuma, hapungi wala haondoki. Shaibu ni fundi wa vyombo, mtu wa Miburani, na gari lile alilifanya yeye kuwa gari tena upande wa mbao na bati. Mimi nilifanya injini. Bi Ruwaida, ambaye gari lilitoka ghalani kwao, hakuja gatini. Alisema akija atalia, na watu wa Kilindoni watapata la kusema mpaka Mfungo Mosi. Alfajiri alinipa chupa ya chai na mkate wa kumimina, akaniambia:

"Ami Sudi, usitoke ubavuni pake mpaka mnunuzi wetu Taufiki aseme kwa mdomo wake kwamba amelipokea. Likirudi hili, mimi sina nyumba."

Hakuwa anatia chumvi. Mambo yalikuwa hivyohivyo, na sharti niyaeleze kabla boti haijafika Nyamisati.

Baba yake, Mzee Azizi, alikuwa mtu wa minazi. Gari lilikuwa la Mzungu mmoja meneja wa shamba, akalileta kisiwani zamani hizo mimi bado navaa kaptula. Gari la mbio la Kiingereza, la watu wawili, refu mbele, fupi nyuma, limelala chini hata kuku akipita dereva anamtazama machoni. Yule Mzungu alipofunga virago baada ya uhuru alimwachia Mzee Azizi. Mafia ya siku hizo ilikuwa mchanga mtupu, pa kulikimbizia hapakuwa. Basi Mzee Azizi akawa analiendesha Ijumaa kwenda msikitini, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, na miwani ya kuzuia vumbi aliyoachiwa na Mzungu. Kwa vile lilikuwa la kijani na mgongo wake umebinuka, watoto tukaliita Kasa. Siku injini ilipogoma, vipuri vikakosekana, lilisukumwa likatiwa ghala la mbata, likafunikwa makuti, na humo likakaa mpaka mwenyewe akafa akiwa mkongwe.

Mimi wakati huo nilikuwa natembea. Nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kirongwe juzuu chache, shule ya serikali mpaka darasa la tatu nikatoroka, Tanga nikasoma jioni muhula mmoja. Yaliyobaki nimeyasoma nimelala chali chini ya magari, Mombasa, Lubumbashi, Beira. Nimerudi Mafia mzee na bado sijui kukaa. Nikimaliza kazi mahali miguu inawasha.

Ruwaida naye aliolewa Unguja, akaachwa, akarudi kwa baba. Ni yeye aliyemlisha uji, akamgeuza kitandani, akamfumba macho. Nduguye mdogo, Luqmani, alikwenda Maskati ujanani akakaa. Alikuja kwenye hitma. Wali ukaliwa, masheikh wakaondoka, na barazani tukabaki wachache. Luqmani akakunja miguu akasema:

"Dada, mirathi igawanywe, marehemu apumzike."

"Igawanywe."

"Mimi mafungu mawili, wewe fungu moja. Sikutunga mimi."

"Najua nani kapanga, na sijakataa. Nauliza tu, ndugu yangu, fungu langu liko upande gani? Nitalala ukumbini au jikoni?"

Luqmani akacheka kwa pua. Hakuwa na haja na nyumba ya mawe ya Miburani yenye popo darini. Alitaka bei yake. Ila alikuwa amekwenda ghalani kuchungulia, akapiga picha, akawapelekea rafiki zake, na rafiki zake wakamwambia magari ya namna ile yakitengenezwa yanagombewa na matajiri. Hivyo akatoa neno mbele ya sheikh na mbele yetu. Gari litengenezwe liuzwe, bei yote aichukue yeye, naye atamwachia dadake nyumba na hatatia mguu tena kudai. Lisipouzika, nyumba itauzwa, kila mtu achukue chake.

"Na matengenezo juu ya nani?" Ruwaida akauliza.

"Juu ya mwenye kutaka nyumba."

Ndivyo ilivyokuwa. Ruwaida aliuza bangili zake za dhahabu, akamwita Shaibu, akaniita mimi.

Tulipolifunua, mchwa walikuwa wameshakula. Magari ya zamani yale, kwa asiyejua, chini ya bati yana mifupa ya mbao. Na bati lake si chuma. Ni alumini, laini kama sufuria ya kupikia wali. Bati lilibaki, mbao ikawa unga. Shaibu akazunguka mara mbili, akagonga hapa, akanusa pale, akaanza kucheka.

"Sudi, mbona ulinitisha? Hili ni dau limewekewa magurudumu."

"Wewe kila kitu kwako dau."

"Tazama mbavu hizi. Tazama mkuku huu, uti wa mgongo wake. Huyo Mwingereza alijifunza kwetu."

Akaenda mwituni akachagua mtondoo uliopinda wenyewe, kama wanavyochagua kwa vyombo, akachonga mbavu mpya kwa tezo, bila msumeno wa umeme. Bati akalinyoosha kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, polepole, huku akiimba. Ruwaida aliwaletea chai mafundi, na ikawa chai ya Shaibu ina hiliki na yangu haina. Nilisema siku moja:

"Bi Ruwaida, hiliki imekwisha madukani?"

"Ami Sudi, wewe hiliki inakupandisha presha."

"Na Shaibu?"

"Shaibu ana kazi ya nguvu."

Shaibu aliinama kwenye mbao yake kama hakusikia. Alikuwa mjane, mtu wa heshima, na kila aliyepita ghalani alikwisha waoza hao wawili kichwani mwake. Kilichongojwa ni nyumba. Ruwaida alisema wazi kwa wanawake wenzake kwamba hataolewa akiwa mgeni wa nduguye, ataolewa akiwa kwake.

Siku injini iliponguruma Shaibu alikataa gari lisitoke hivihivi. "Kitu nilichotia mbavu mimi hakitoki bila kushuliwa," alisema. Basi likashuliwa kama chombo. Ubani, dua, mbuzi, wali wa nazi, na wanaume wakashika kamba wakalivuta kutoka ghalani kwa nyimbo za kuvutia vyombo, hali injini ilikuwa inakwenda na mafuta yamo. Wakaniambia nizime, nisiwaharibie mvuto. Nikazima.

Haukupita muda, msimu wa papa potwe, wakati watalii wamejaa, akaja mtu wa Dar es Salaam aitwaye Taufiki. Mwenye kiwanda cha magodoro, mnene, mpole, ana magari ya zamani nyumbani kwake kama wengine wanavyofuga njiwa. Alikuwa ameliona tangazo la Luqmani kwenye simu. Aliingia ghalani akasimama. Halafu akaomba aendeshe. Tulikwenda naye kwa lami mpaka Utende tukarudi, upepo umempeperusha kofia haikuonekana tena, naye anacheka peke yake kama mtoto siku ya Idi. Aliposhuka akampigia Luqmani palepale.

"Nalitaka. Bei yako naikubali. Juma lijalo naleta boti."

Mtu mwingine angesema alhamdulillahi. Luqmani alisikia ile furaha kwenye simu, na furaha ya mnunuzi ikamtia wazimu. Akamwambia Taufiki kuna Mwarabu wa Dubai naye analitaka, asubiri kidogo. Jioni dadake akampigia, nami nilikuwepo barazani, nikasikia pande zote mbili kwa sababu Ruwaida husikia vibaya sikio moja na simu huiweka sauti juu.

"Luqmani, mtu amekubali bei uliyoitaja wewe mwenyewe."

"Ndiyo maana. Mtu akikubali haraka hivyo, bei ilikuwa ndogo. Wewe hujui biashara, dada."

"Sijui biashara. Najua masika yanakuja."

"Masika yanahusu nini? Gari lina paa la ghala."

"Paa la makuti, Luqmani. Umeondoka zamani."

"Subiri tu. Wewe umezoea kukaa, kaa."

Tukasubiri. Mwarabu wa Dubai, kama alikuwapo, sisi hatukumwona wala hatukumsikia. Masika yakaingia. Yalikuwa ya nguvu mwaka ule, mvua ya usiku na mchana, na ukiacha kuku uani unamkuta anaogelea. Makuti ya ghala yakavuja. Upepo wa bahari ukaingia na chumvi yake. Mimi nilishachoka kukaa. Nikaitwa Bwejuu kutengeneza mashine za boti za wavuvi, nikaenda, nikakaa huko mvua zote.

Ruwaida akabaki na gari lile kama mtu aliyeachiwa mgonjwa. Kila asubuhi alikwenda kulipangusa. Akaona kutu imeanza kwenye kichwa cha msumari mmoja. Akaenda kwa Shaibu.

"Shaibu, chombo kikipandishwa pwani wakati wa mvua, unakifanyaje kisioze?"

"Nakipaka deheni, Bi Ruwaida."

"Basi lipake na gari."

Deheni ni chokaa iliyochanganywa na shahamu ya ng'ombe, wengine hutia na mafuta ya papa. Chokaa yetu ni ya matumbawe, inachomwa hapahapa pwani, kali, ukiitia mkononi inakula ngozi. Chombo chenye deheni chini hakiingiwi na mdudu wala maji. Babu zetu wote walijua hivyo, nasi tunajua, hakuna wa kubisha. Shaibu alichukua chokaa mpya, akakoroga kwa mkono wake, hakumpa mtu. Akalilaza gari ubavu juu ya magunia kama anavyolaza dau, akapaka chini yote, akapaka ndani ya mabawa yanayofunika magurudumu, akafungua milango akapaka kwa ndani, akapaka nyuma ya bati kila mahali mkono ulipofika. Tabaka juu ya tabaka. Sijapata kuona kazi ya deheni nzuri kama ile. Niliporudi kutoka Bwejuu gari lilinuka kama dago la wavuvi, kambi yao kisiwani Shungimbili.

"Shaibu, umelifanya nguru?"

"Acha linuke. Lakini halitaoza."

Nikatambaa chini na tochi. Nyeupe, nene, imelala sawasawa. Nikamsifu. Na ningemsifu tena leo kama ningekuwa mjinga kama siku ile. Vyombo vyetu ni mbao na misumari na pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa. Hakuna hata kimoja kilicho na alumini. Chokaa na alumini hakuna kati yetu aliyepata kuviona pamoja, wala hapakuwa na sababu.

Mvua zilipokatika Luqmani akapiga simu kutoka Maskati na sauti ya chini. Mwarabu wa Dubai amebadili nia. Taufiki bado analitaka, kwa bei ileile ya kwanza. Lipelekwe Dar, Taufiki alipe akiliona, na yeye Luqmani atakuwepo kupokea.

Bei ileile. Ruwaida alipoikata simu alitazama mvua zilivyochimba ua, halafu akasema, "Haidhuru. Liondoke tu."

Ndio hapo nikawa kwenye boti, juu ya gunia la mbata.

Katikati ya safari mawimbi yaliturushia maji, nikafunua turubai nilipanguse. Kwenye bawa la kushoto niliona vidutu, kama harara ya mtoto shingoni. Vingi. Nikabonyeza kimoja kwa kidole gumba kikabonyea, laini kama embe lililoiva mno. Nikasema rangi imepata joto chini ya turubai. Nikalifunika. Yule kijana wa pweza akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna.

Nyamisati tukalipakia lori, na Dar tukafika mchana. Kwa Taufiki kulikuwa na sherehe ndogo. Alikuwa amewaita rafiki zake, watu wenye viatu safi, na juisi imewekwa kwenye meza chini ya mwavuli. Luqmani alikuwepo, kanzu ya Kimanga, kilemba, udi unanukia toka getini. Alinipa mkono wa ncha za vidole.

"Shikamoo, Mzee Sudi. Limefika salama?"

"Marahaba. Limefika."

"Mbona linanuka?"

"Deheni."

"Deheni ya nini?"

Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu Taufiki alikuwa anakuja ameninyooshea mikono miwili. Alinisalimia kwa heshima, akalizunguka gari lake, akasema lina vumbi la njia, lioshwe kwanza ndipo wageni walitazame. Mfanyakazi wake akaleta ile mashine ya kuoshea magari, inayotoa maji kwa nguvu kama mkuki. Akaanza mbele. Maji yakapita, kijani kikang'aa, wageni wakasema aa. Akaja bawa la kushoto.

Rangi ilifunguka kama ganda la yai bovu. Chini yake hapakuwa na bati, palikuwa na unga mweupe, ukatiririka na maji mpaka kwenye viatu vya watu. Yule mfanyakazi alishtuka, badala ya kuzima akageuza mkono, maji yakapiga mlango, na mlango nao ukatoboka. Tundu la ngumi ya mtu. Kwa ndani ubavu wa mtondoo wa Shaibu ukaonekana, mzima, msafi, haukuguswa na kitu.

Mashine ikazimwa.

Taufiki alichuchumaa. Akatia kidole kwenye tundu, akavunja kipande cha bati kama anavunja mkate wa ufuta, akanusa.

"Hii ni chokaa," alisema. "Nani kapaka alumini chokaa?"

Luqmani akanigeukia. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache. Alitoa simu, akampigia dadake mbele ya wote, na kwa makusudi akaiweka sauti juu.

"Ruwaida! Umelipaka gari chokaa?"

"Deheni. Shaibu alilipaka. Kwani vipi, Taufiki hapendi harufu? Itatoka, mwambie—"

"Gari au choo? Eh? Nakuuliza, gari au choo mnachopaka chokaa?"

"Luqmani, kuna nini?"

"Limeliwa! Limekuwa biskuti! Umekula mali yangu, wewe na huyo mchonga ngalawa wako. Ukimpikia chai akili yote inakutoka."

Wageni walitazama juisi. Kisha sauti ya Ruwaida ikarudi, si ya kulia, ya mtu anayeongea na mtoto wa jirani.

"Wakati wa papa potwe lilikuwa zima. Mnunuzi alisimama ghalani kwangu na bei mkononi. Nani alisema asubiri?"

"Usinitupie mimi—"

"Nani alisema, Luqmani?"

Akakata simu. Luqmani, ndiye aliyeikata. Jasho lilikuwa limemlowesha kilemba. Akamgeukia Taufiki, akatabasamu kwa taabu, akasema ni bati tu, mafundi wapo, wapunguze bei kidogo. Taufiki alijifuta vidole kwa leso, kidole baada ya kidole.

"Bwana Luqmani, mimi nilitaka gari lililokuwa pale Mafia siku ile. Ningelilipa siku ile. Hili nitachukua injini na magurudumu, kwa sababu injini ya mzee huyu ni nzuri. Hilo bati na hizo mbao chukua mwenyewe."

Na injini ikachukuliwa. Alicholipa hakikutosha hata nauli ya ndege ya Luqmani ya kwenda na kurudi, na chote akakichukua Luqmani.

Tulirudi Mafia pamoja, mimi na yeye, kwa ndege ndogo. Ruwaida alikuwa amefagia ua, amepika, maana nduguye ni mgeni. Luqmani alikula akiwa ameinama. Alipomaliza kunawa akasema:

"Tuliagana mbele ya sheikh."

"Tuliagana."

"Sheria inanitaka nikutangulize wewe kununua fungu langu kabla sijamuuzia wa nje. Nakutanguliza. Unalo la kununulia?"

Alikuwa anajua bangili zilikwenda wapi. Ruwaida alimtazama, akainua mikono yake mitupu ikaonekana mpaka viwiko, akaishusha. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Shaibu alikuwa ukumbini mlangoni, amesimama toka tulipoingia, hakukaribishwa akae. Akasema kwa sauti ya chini:

"Bwana Luqmani, kosa ni la mkono wangu. Nipe muda. Bati nitafua jipya, gari nitalitengeneza tena bure, kazi yangu yote bure, mpaka liuzike."

"Kama ulivyolitengeneza hili?"

"Bwana—"

"Nenda kachonge ngalawa, mzee. Kule samaki hawadai hasara."

Shaibu akamtazama Ruwaida. Nami nikamtazama. Neno moja lingetosha, hata la kumtukana. Ruwaida alikuwa anakusanya sahani. Alizipanga kubwa chini, ndogo juu, akazichukua jikoni, na hakurudi mpaka Shaibu alipoondoka. Hakumlaumu siku ile wala siku nyingine yoyote, aliacha tu kumwita. Baadaye nilimuuliza, kwa sababu mimi huuliza, nikamwambia, "Bi Ruwaida, uliyesema lipakwe ni wewe, yeye alitii." Akanijibu, "Najua, Ami. Ndiyo maana siwezi kumtazama." Sikumuuliza tena.

Nyumba ilinunuliwa na mtu wa bara anayetaka kujenga vyumba vya wageni. Alibomoa ukumbi, akabakiza jiko awekee vibarua saruji. Luqmani alichukua mafungu mawili akarudi Maskati, akafungua duka la simu, likafungwa, sasa anaendesha gari la mtu mwingine huko. Taufiki alitia injini ile kwenye gari jingine, na nasikia linakwenda vizuri. Fungu la Ruwaida halikununua nyumba Mafia. Anaishi Unguja kwa binti wa mume wake wa zamani, chumba cha uani, anashona kofia za kuuza. Shaibu alihamia Bwejuu, anatengeneza mitumbwi. Hakuoa. Mwaka jana kidole kimoja kilikatwa na tezo, anaendelea na kazi. Gari, yaani bati na mbao zilizobaki, liliachwa kwenye ua wa nyuma kwa Taufiki, kisha likachukuliwa na wauza vyuma chakavu. Hawakutaka mbao, wakaziacha. Mimi niko Kilwa kwa sasa. Mwezi ujao nitakwenda Lindi, kuna mtu ana trekta.